Kadi Isiyokuwamo Kwenye Boksi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, haikubisha hata hodi. Nimewahi kuanua makoti mawili ya watu, la tatu limelowa, itabidi nilipige pasi mpaka likome.

Daftari hili amenipa Chiriku. Ni mwanangu wa kwanza. Kwenye cheti ana jina jingine, ila tangu alipojua kusema hakunyamaza tena, baba yake akambandika hilo. Kaniambia, "Mama, mimi nakaa naandika kutwa nzima humu sebuleni. Na wewe andika, tuwe wawili." Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne, herufi zangu zinalala chali. Akasema, "Zilaze tu, mama, mradi zipo."

Basi nimeandika. Mkono unauma kuliko kutia vifungo.

Alhamisi, 7 Machi

Nieleze anachofanya, maana majirani wananiuliza na mimi nabaki kutabasamu kama mgeni.

Hospitali yetu inataka kompyuta iandike lebo za dawa, zile karatasi ndogo zinazobandikwa kwenye chupa: kijiko kimoja, mara ngapi, tikisa kwanza. Maneno yote hayo yatawekwa mahali pamoja, na kila neno lina ufunguo wake. Programu yoyote ikitaka maneno inatoa ufunguo, inapewa maandishi. Chiriku anabuni ule mlango wa kuulizia: anayekuja aulizeje, na ajibiweje. Wenyewe wanauita kiolesura. Mimi nimesema nitauita mlango, kiolesura kitanivunja meno.

Kazi ya benki ameiacha kwa ajili ya hii. Meza yake, feni yake, kaviacha! Kamati ya hospitali itaamua mvua zikiisha. Wakiukubali mlango wake wanamwajiri hapa hapa. Wakiukataa, kuna rafiki yake amemtafutia kazi mji wa mbali, basi linalala njiani mara moja. Amekwisha kunionyesha kwenye ramani. Niliangalia pembeni, nikasema naona vizuri.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Bati la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana. Mume wangu ni fundi bati. Sisemi zaidi.

Ijumaa, 15 Machi

Leo Chiriku alikuwa na orodha ya amri kumi na tisa ambazo mtu anaweza kuupa mlango wake. Alinisomea huku nikipinda mikono ya koti.

Nikamuuliza, "Hii 'chukua' na hii 'leta' zina tofauti gani?"

"Hakuna tofauti kubwa, mama."

"Ndogo je?"

Akanyamaza. Chiriku, kunyamaza!

Nikamwambia mimi nina mkasi wa kitambaa na mkasi wa karatasi kwa sababu ukikosea unaharibu. Ningekuwa na mikasi miwili ya kitambaa, kila siku ningesimama nachagua, na kazi hailali. Akaanza kufuta. Alifuta mpaka baba yake aliporudi akauliza kama ameacha kazi tena. Zimebaki nne: weka, leta, ipo, futa. Ya kuweka maneno, ya kuyaleta, ya kuuliza kama yapo, ya kuyafuta. Hata mimi nazikumbuka bila kuangalia.

Jumanne, 19 Machi

Siku nzuri. Naiandika yote.

Chiriku alisema karatasi haimtoshi, anataka kuona mlango ukifanya kazi kabla hajaujenga. Akachukua boksi la viatu, akakata kadi. Mbele ya kila kadi ufunguo, nyuma maandishi. Funguo zake zina nukta katikati, moja inaingia ndani ya nyingine: kwanza dawa, halafu nukta, halafu ya nani. Kwa mfano mafua, nukta, mtoto. Akaniweka nyuma ya pazia la chumbani na boksi mapajani.

"Wewe ndiye mashine, mama. Nitapitisha kikaratasi chini ya pazia. Usome, utafute kadi, unipe."

"Na nikicheka?"

"Mashine haicheki."

Nilicheka. Lakini nilifanya. Kikaratasi cha kwanza: leta salamu nukta asubuhi. Nikampa. Cha pili, nikampa. Cha tano kilisema leta mafua nukta mtoto. Nikatafuta, sikuiona. Nikarudia, haimo. Iliyokuwamo ni mafua peke yake, ya watu wazima. Mtu amekuja na mwanawe anaumwa, nimpe nini? Nikampa ile ya mafua.

Chiriku akafunua pazia. "Mama, hii sikuiomba."

"Sasa nimrudishe mtu mikono mitupu, mwanangu? Mafua si mafua?"

Alitaka kucheka, halafu akasimama na kadi mkononi. "Unajua hilo ni wazo," akasema. "Ukikosa ya chini, unapanda ngazi, unachukua ya juu yake. Hakuna anayeondoka bila jibu." Akakimbilia kompyuta na hakuinuka tena mpaka chakula kikapoa.

Nimejisikia kama nimepewa uwaziri. Baba Chiriku aliporudi nilimwambia kwamba kuna kitu changu ndani ya mashine ya hospitali. Akasema, "Basi wagonjwa wataambiwa wavae sweta."

Jumamosi, 23 Machi

Nimepeleka hospitali makoti sita niliyowashonea, nimemkuta Chiriku anawaeleza wakubwa mlango wake. Nikajibanza nyuma na mfuko wangu.

Wote walikuwa wanaitikia kwa vichwa vizuri, isipokuwa mama mmoja mwembamba, Bi Mfamasia, mkubwa wa dirisha la dawa. Ana miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu vibaya.

"Na maneno yakikosekana?" akauliza.

"Hayakosekani, mama," akasema Chiriku. "Mlango unapanda juu, unaleta ya karibu."

"Ya karibu." Akalitafuna lile neno kama lina mchanga. "Haya, tutaona."

Wivu. Mtoto wa watu amekesha na kazi, yeye anasema tutaona! Koti lake nililishona mimi. Ningejua ningembania makwapani.

Jumatatu, 1 Aprili

Haikunyesha. Nimefua soksi zote za nyumba hii, hata zisizo na wenzake.

Jumatano, 3 Aprili

Leo majaribio yameanza dirishani. Chiriku ameondoka na kitafunwa mkononi na mwavuli wa baba yake. Nimepiga cherehani, nimeenda mlangoni, nimerudi. Koti moja nimelishona mfuko nje ndani.

Ijumaa, 5 Aprili

Mambo mazuri. Amekuja na lebo moja anionyeshe, imeandikwa safi, wino haujapaka. Nimeiweka kwenye sanduku la sindano. Wamempa hadi meza ya muda na kalamu yenye jina la hospitali. Nimeanza kusahau ile ramani.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua ya mawe. Saa tisa alasiri nilisikia hodi, nikafungua, nikamkuta Bi Mfamasia kalowa mpaka soksi, mwavuli umegeuka kikombe. Nyuma yake Chiriku. Mwanangu alikuwa na uso wa rangi nisiyoijua.

"Hodi tena, mama mwenye nyumba," akasema Bi Mfamasia. "Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Huyu kila nikimuuliza anasema 'ni mimi, ni mimi'. Sipendi mtu anayekubali haraka hivyo."

Nikawapa taulo. Nilikuwa tayari kupigana, lakini mtu aliyelowa huwezi kuanza naye.

Akatoa lebo kutoka kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya meza ya kukatia. Nikaisoma polepole. Dawa ya kifua. Vijiko viwili vikubwa, mara tatu kwa siku.

"Sasa tazama chupa ilikuwa ya nani," akasema. "Mtoto wa miezi saba."

Nilikaa. Kiti hakikuwepo, nilikaa kwenye gunia la vitambaa.

Akaeleza taratibu. Programu ya lebo iliomba kifua, nukta, mtoto, nukta, mchanga. Maneno hayo hakuna mtu aliyekuwa ameyaandika bado. Mlango ukapanda ngazi, ukatafuta kifua cha mtoto, hayapo pia. Ukapanda tena, ukakuta kifua cha mtu mzima, ukayachukua, ukayatoa. Lebo ikatoka safi, wino haujapaka. Bi Mfamasia aliidaka kwa sababu husoma kila lebo kabla chupa haijavuka dirisha, na wenzake humcheka kwa hilo. Mtoto hakudhurika, dawa hakupewa kabisa mpaka alipoandikiwa upya kwa mkono.

"Ninachotaka kujua," akasema, "ni nani aliyeamua kwamba ya mtoto ikikosekana itoke ya mkubwa. Huo si uzembe, uzembe naujua. Mtu alikaa akafikiri."

"Ni mimi," akasema Chiriku.

"Ni mimi," nikasema.

Akaniangalia kwa ile miwani ya pili. Nikamweleza yote: boksi, pazia, mafua. Nilikuwa nalia nikieleza, na cherehani limesimama na koti la watu mdomoni. Nikasema nilichoogopa ni mtu kuondoka mikono mitupu tu.

Nilidhani atanifokea. Akasema, "Hilo boksi lipo? Lete."

Akaketi. Akachukua kikaratasi cha Chiriku, akaandika, akanisogezea juu ya meza bila pazia. Leta mafua nukta mtoto. Na mimi, jamani, huku nikijua, huku machozi hayajakauka, mkono ukaenda wenyewe kwenye kadi ya mafua.

"Acha," akasema. "Imo?"

"Haimo."

"Basi sema haipo."

"Bi Mfamasia, nikisema haipo si namfukuza mtu?"

"Unaniita mimi!" Akapiga meza, sindano zikaruka. "Dada yangu, ukisema haipo mimi naamka kwenye kiti. Nampima mtoto, nafungua kitabu, naandika. Ukinipa karatasi iliyojaa maneno mazuri mimi nitajuaje kuna kitu kimepungua? Nitabaki nimekaa. Na siku nikiwa na homa, atakayekaa pale hatasoma."

Mawe yakawa yanapiga bati. Halafu Chiriku akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mlango ulinyamaza pale ulipotakiwa kupiga kelele."

"Naam," akasema Bi Mfamasia. "Na wewe pia, mwanangu, siku ile nilipokuuliza ukasema hayakosekani. Una chai humu?"

Alikunywa vikombe vitatu. Alipoondoka nilimpa mwavuli wa mume wangu. Koti lake nililitazama, bega la kushoto linamvuta. Amevumilia miezi mingapi, hakusema.

Jumatano, 10 Aprili

Majaribio yamesimamishwa. Chiriku hajaamka mpaka saa nne. Nimempelekea uji, hakunywa. Nimepita pale mara tano, mara zote nikijidai natafuta pini.

Ijumaa, 12 Aprili

Kamati wanataka maelezo kwa maandishi. Baba Chiriku akashauri waandikiwe kwamba mashine ilikuwa mpya, kila kitu kipya kinasumbua. Mimi nikasema andika ni mama yako, mama hana elimu, watasamehe.

Chiriku akatuangalia wote wawili kama anatupima shati. Akasema, "Nyie mmekuwa na huruma mpaka mnatisha."

Aliandika mwenyewe, halafu akanisomea. Mstari mmoja nimeunakili hapa: "Kosa ni la muundo na muundo ni wangu. Niliogopa kumwambia mtu hakuna." Basi. Hakumtaja mama wala pazia.

Nikauliza, "Na wakikukataa?"

"Watanikataa kwa jambo la kweli, mama."

Nimeenda jikoni. Ndoo ya bati linalovuja ilikuwa imejaa, nikaimwaga, nikairudisha pale pale.

Jumanne, 16 Aprili

Mama Pacha, jirani yetu wa ukuta, amekuja kuazima sindano nene ya kushonea viatu. Sina. Siku zote angekuja kuniomba kitu nisicho nacho ningempa kingine, akae nacho, kishindwe, arudi. Leo nikavuta pumzi nikasema, "Haipo, mwenzangu."

Akasema, "Haya, nakwenda kwa fundi viatu basi," akaenda, na baada ya muda mfupi nikamwona anarudi na kiatu kimeshonwa.

Miaka yote hii nimekuwa namchelewesha yule mwanamke.

Jumamosi, 20 Aprili

Chiriku anaujenga upya mlango, na boksi limerudi mezani. Safari hii Bi Mfamasia ndiye anayeandika vikaratasi, amekuja Jumamosi yake, siku ya mapumziko. Shati la nyumbani, ndala, wala huwezi kumjua.

Sasa leta ina majibu ya namna mbili tu. Maneno yapo, inayatoa. Hayapo, inasema haipo na inataja ufunguo wote ulioombwa, mpaka nukta ya mwisho, ili mwenye kazi ajue aandike nini. Haipandi ngazi hata moja. Chiriku akaongeza jambo: anayeuliza anaweza kuja na maneno yake ya akiba mkononi, aseme, "leta haya, na yasipokuwepo nitatumia haya yangu." Bi Mfamasia akakunja uso.

"Kwa salamu za kwenye skrini, sawa," akasema. "Kwa dawa, marufuku."

"Ndiyo maana nimeyaweka kwa anayeuliza, mama, yasiwe ndani ya boksi," akasema Chiriku. "Boksi halijui linaulizwa na nani. Wa salamu anajua anachoweza kuvumilia. Wa dawa hatakuja na akiba."

Akafikiri. "Hapo umenipata."

Halafu ikanijia kadi ya plasta. Mbele ufunguo, nyuma hakuna kitu. Nikasema kwa furaha, "Haipo!" maana siku hizi nalipenda lile neno.

"Ipo, mama," akasema Chiriku. "Ni tupu."

"Si yale yale? Anayeomba hapati neno hata moja."

Bi Mfamasia akajibu yeye. "Plasta haina maelezo. Nilikaa, nikafikiri, nikaacha wazi kwa makusudi. Pale nimefika. Kule kwingine hakuna aliyefika."

Nikaelewa mara moja. Mfuko usio na kitu ndani na koti lisilo na mfuko si kitu kimoja. Wa kwanza unaweza kutia mkono. Nikawaambia hivyo, Chiriku akaandika maneno yangu kwenye maelezo ya mlango, yatasomwa na mafundi wa kompyuta nisiowajua. Nikamwomba ayahakiki mara mbili, safari hii.

Nimelichukua koti la Bi Mfamasia, nimelifumua bega.

Jumatano, 24 Aprili

Kamati wamekubali majaribio mengine ya siku kumi. Si ahadi, wamesema.

Alhamisi, 25 Aprili

"Haipo" mara kumi na moja leo. Nilidhani ni habari mbaya, Chiriku amerudi anaimba. Maneno kumi na moja ambayo hakuna aliyejua yamepungua. Bi Mfamasia ameyaandika yote kabla ya kufunga dirisha.

Jumatatu, 29 Aprili

Tano.

Ijumaa, 3 Mei

Moja. Mvua imepungua pia, ni manyunyu tu. Baba Chiriku amepanda juu ya paa la jikoni hatimaye na kuziba. Amesema alikuwa anasubiri bati likauke. Tangu mwaka jana!

Jumatatu, 6 Mei

Kamati wamekaa leo asubuhi. Mimi nimepasua mshono uliokuwa mzima ili nipate cha kushona.

Saa saba Chiriku akaingia, akavua viatu taratibu, akavipanga. Nikajua tayari, nikawaza nimfungie shuka zipi, mji ule una baridi au hauna.

"Mama," akasema, "wamenikubali."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Walikuwa wawili kwa wawili. Bi Mfamasia alikuwa wa tano."

Nikamuuliza alisema nini. Chiriku akaigiza sauti yake: "Huyu anajua kukiri anapokosa kitu. Sasa na mashine yake inajua. Nipeni wote wawili, nilale usingizi."

Nilimkumbatia na mkasi bado mkononi, akapiga yowe.

Jumatatu, 13 Mei

Jua. Leo mlango umefunguliwa kwa watu wote, na mimi nilikuwa na koti moja tu la kupeleka, lingeweza kusubiri. Nililipeleka. Halafu badala ya kurudi nikaketi kwenye benchi la wagonjwa mbele ya dirisha la dawa.

Lebo zinatoka, watu wanachukua chupa, wanakwenda. Kila mmoja nilimfuata kwa macho mpaka getini.

Kama saa tano akaja mama mmoja kijana na mtoto mgongoni, mtoto anakohoa kile kikohozi cha kukwaruza. Akatoa karatasi ya daktari. Printa ikaguna, ikatoa kitu kifupi. Msichana wa dirishani akakigeuza tuone, kimeandikwa kwa herufi kubwa: HAIPO, na ufunguo wake chini.

Foleni ikanung'unika. Mzee mmoja kando yangu akasema, "Mashine gani hii, haijui hata dawa ya mtoto?"

"Haijui, baba," nikamwambia. "Tulia, inamwita mtu."

Bi Mfamasia alikuwa amekwisha kuinuka. Alitoka kwa mlango wa pembeni, bega limemkaa sawa, akamshusha mtoto mgongoni yeye mwenyewe, akamweka kwenye mizani, akamtania kidogo ili asilie. Akafungua kitabu. Alichukua muda, hakuharakishwa na mtu. Kisha akaingia ndani, nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta, kimoja kimoja. Printa ikaguna tena. Lebo ilikuwa nusu kijiko cha chai, mara mbili kwa siku. Aliisoma yote, mpaka mwisho, ndipo akaibandika.

Yule mama kijana akapita mbele yangu anaondoka, chupa ameikumbatia. Nikamvutia kanga iliyokuwa inamteleza mtoto mguuni.

Chiriku akatoka chumba cha nyuma na nyaya shingoni, akaniona.

"Mama! Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu mlipofungua."

Nilidhani atanituma nyumbani. Akaniambia nisogee, akaketi, nyaya zake mapajani, mkono wake juu ya wangu. Foleni bado ilikuwa ndefu. Tuliitazama ikipungua, mmoja mmoja, na mwanangu hakusema neno lolote mpaka wa mwisho alipopata chupa yake.